Sura ya Sita: Friza Iliyonyamaza

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, yaani Likoni ng'ambo ya kivuko, Kisauni upande wa pili wa daraja la Nyali, na Changamwe baada ya kuvuka Makupa, friza si pambo la sebuleni wala si anasa ya matajiri, bali ni chombo cha chumo ambacho kodi ya nyumba, karo ya watoto na kitoweo cha jioni huweza kukitegemea. Ndani yake hugandishwa barafu za ukwaju, za ubuyu na za maembe ziuzwazo dirishani, hupozwa maji ya wapita njia, na huhifadhiwa changu, tafi na nguru waliotoka baharini alfajiri, wamngojee mnunuzi wa magharibi pasi na kuharibika. Wazee wetu samaki asiyenunuliwa siku ile walimpasua, wakamtia chumvi na kumwanika juani awe ng'onda, na kazi hiyo ilikuwa na ustadi wake. Ila soko la leo lataka samaki mbichi, na mwezi wa Ramadhani lataka sharubati baridi saa ya kufuturu, na haja hizo hazitoshelezwi na jua wala chumvi.

Kwa hiyo friza inyamazapo, hasara huanza saa ile ile. Hari ya Kaskazi, inayotamalaki pwani yetu tangu Disemba hadi Machi, haimpi mtu muhula wa kutafakari, na mwenye nyumba, akiona maji yanatiririka chini ya mlango na samaki wanalegea, humwita fundi wa kwanza apatikanaye, naye fundi huyo, baada ya kugusa bomba moja na kusikiliza kidogo, aghalabu hutoa hukumu moja katika mbili zilizozoeleka: "Mama, gesi imeisha," au, "Mama, kompresa imekufa." Hukumu zote mbili ni za gharama kubwa, na zote mbili huweza kuwa za kweli. Walakini nadai, na sura hii nzima nimeiandika kwa ajili ya dai hilo, kwamba isikubaliwe hata moja kabla ya kupimwa vitu vichache vya thamani ndogo vilivyo nje ya mabomba ya gesi, ambavyo mwenye nyumba mwenyewe, mwanamume au mwanamke, aweza kuvifungua, kuvipima na kuvibadili kwa bisibisi, koleo na mita ndogo ya kupimia stima.

Ili tufahamiane, yafaa kwanza tujue chombo chenyewe hufanyaje kazi. Friza haizalishi baridi. Hulichukua joto lililomo ndani ikalitoa nje, mfano wa hamali wa bandarini atoaye magunia ghalani na kuyatua gatini, kisha akarudi mikono mitupu kuchukua mengine. Kinachobeba mzigo huo ni gesi. Kompresa, yaani lile buli jeusi la chuma lililo chini upande wa nyuma, huishindilia gesi hata ikawa moto na yenye kani kubwa. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya nje, ambako humwaga joto lake hewani na kugeuka kuwa majimaji. Majimaji hayo hupenyezwa katika kibomba chembamba mno kiitwacho kapilari, na yatokeapo upande wa pili, ndani ya kuta za friza, hukuta nafasi pana na kani ndogo, yakachemka kwa ghafula. Na kuchemka huko ndiko kunyonyako joto la samaki na la maji ya ukwaju. Gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya, mpaka thamostati itambue kwamba ubaridi umefikia kiasi kilichowekwa, ambacho kwa friza ya nyumbani hupendekezwa kiwe nyuzi 18 chini ya sifuri, ndipo ikate stima. Asili ya maarifa haya ni ya zamani: Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alipewa hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1834.

Stima nayo ilitufikia kwa njia iliyopitia Unguja. Kwa mujibu wa tarikhi inayosimuliwa na kampuni ya stima ya Kenya yenyewe, jenereta iliyokuwa ya Sultani Seyyid Barghash ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa ndiyo chanzo cha Mombasa Electric Power and Lighting Company. Leo stima ya majumbani ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, nayo ni nguvu iwezayo kuua mtu mzima aliyesimama peku juu ya sakafu iliyorowa. Kwa hiyo neno la kwanza la kazi hii, ambalo sitachoka kulirejea, ni kuichomoa plagi kabisa katika soketi, si kuzima swichi tu, kabla kidole hakijagusa waya wowote. Vaa viatu vya mpira, futa maji yaliyomwagika, na watoto wakae mbali.

Sasa tutie mpaka, kwa kuwa mtu asiyejua mpaka wa kazi hii aweza kujidhuru na kuwadhuru majirani. Vyote vilivyomo ndani ya mabomba, yaani gesi, mafuta ya kompresa, chujio na kapilari, si vya mwenye nyumba. Friza za zamani zilitiwa gesi ya R12, ambayo ilibainika kuharibu tabaka la ozoni likingalo dunia na mionzi mikali ya jua, hata mataifa yakaafikiana huko Montreal mwaka 1987 kuipunguza, na baadaye kuikomesha, na nchi kama yetu zikapewa muhula mpaka mwaka 2010. Ikafuata R134a, isiyodhuru ozoni lakini inayoongeza hari ya dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko gesi ya kaboni kwa uzito ule ule, na kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena, safari hii jirani kwetu, mjini Kigali, Oktoba mwaka 2016, yakakubaliana kuipunguza hiyo na ndugu zake. Friza nyingi mpya ziuzwazo leo zina R600a, ambayo ni isobutani, jamaa ya ile gesi ya kupikia iliyomo katika mitungi yetu. Hii haina madhara makubwa kwa anga, na friza huhitaji gramu makumi tu. Ila yawaka moto, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya sakafuni, na katika chumba kidogo chenye dirisha moja, ambamo jiko lawaka kandokando, bomba lililokatwa na mtu asiyejua huweza kuleta msiba. Jina la gesi limeandikwa katika kibao kilichobandikwa mgongoni mwa friza au juu ya kompresa, na kila mwenye friza yampasa akisome siku ile ile anapoinunua.

Kibao hicho kina habari nyingine zenye manufaa. Vyombo viletwavyo na jamaa zetu wafanyao kazi Ghuba havilingani: vya Omani na Imarati hutumia stima ya mizunguko 50 kama yetu, bali vya Saudia hutumia mizunguko 60, na kompresa iliyoundwa kwa 60 peke yake hufanya kazi kwa taabu katika stima ya Mombasa, ikapata moto na kufa kabla ya ajali yake. Friza ya namna hiyo haiponi kwa spea; tabu yake haimo katika ubovu.

Baada ya kuuweka mpaka, uchunguzi na uanzie ukutani, mahali ambapo wengi hupapita kwa pupa. Chomeka katika soketi hiyo hiyo feni au taa, uone kama vyafanya kazi. Kisha ifungue plagi uitazame fyuzi yake na ncha za waya, kwa kuwa hewa yetu yenye chumvi huzila shaba na kuzifanya kijani, na ncha iliyolegea huungua polepole mpaka plagi ikageuka rangi ya kahawia. Waya wa kahawia ndio wenye moto, wa buluu ndio wa kurudishia, na ule wa kijani na manjano ni wa ardhi, ambao usikatwe kamwe kwa kisingizio cha kwamba friza yafanya kazi bila yake. Friza itafanya kazi, lakini mkono wa mwanao ukigusa bati lililoshika stima hautakuwa na mlinzi.

Fauka ya hayo, pima nguvu ya stima yenyewe. Nyumba nyingi za kupangisha, zile za ukumbi mrefu wa katikati na vyumba huku na huku, zina mita moja ihudumiayo wapangaji kadhaa, na saa za jioni, majiko na pasi za stima zikiwashwa pamoja, volti hushuka. Na ikiwa friza nayo imeunganishwa kwa waya mwembamba wa ekstenshoni uliovutwa kutoka chumba cha pili, yamkini ikafikiwa na volti zisizotosha kuiamsha kompresa. Pima wakati kompresa inapojaribu kuanza, si wakati imetulia, kwa kuwa ndipo udhaifu wa waya hudhihirika. Ikiwa kipimo chaporomoka chini ya 200, usinunue spea yoyote, tengeneza waya.

Ukiridhika na ukuta, isikilize friza. Sauti zake ni tatu zenye maana: kuna kimya kitupu, kuna mngurumo wa sekunde chache unaofuatwa na mlio wa "tak", kisha kimya cha dakika kadhaa, kisha mngurumo na "tak" tena, na kuna mngurumo usiokoma ilhali ndani hakuna baridi. Ya pili ndiyo nitakayoikalia kitako, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza watu fedha nyingi pasi na haki.

Kompresa ina injini ya stima ndani yake, na injini hiyo ina misokoto miwili ya waya: mmoja wa kuiendesha muda wote, na mmoja wa kuiamsha tu, ambao hutakiwa upate stima kwa kitambo kidogo kisha uachwe. Mlinzi wa mlango wa msokoto huo wa pili ni relei, na katika friza nyingi za sasa relei hiyo ina kisahani cha kauri chenye tabia ya ajabu: kikiwa baridi hupitisha stima kwa wepesi, na kikipata moto hukataa kuipitisha. Stima ikija, kisahani kilicho baridi huruhusu msokoto wa kuamshia ufanye kazi. Kwa muda wa sekunde moja hivi huwa kimekwisha kupata moto, kikaufunga mlango, na kompresa ikaendelea kwa msokoto mmoja. Pembeni yake hukaa ovalodi, kifaa kidogo kikatacho stima iwapo kompresa inavuta kupita kiasi au imechemka, nacho ndicho kitoacho ule mlio wa "tak". Basi kisahani kikivunjika au kuungua, kompresa hukosa wa kuiamsha. Hunguruma ikivuta stima nyingi bila ya kuzunguka, ovalodi huikata kuinusuru, na asikilizaye kwa pupa husema imekufa, ilhali kompresa ni nzima na kilichokufa ni kidude kitoshacho kiganjani.

Kukifikia si kazi ngumu. Chomoa plagi, isogeze friza mbali na ukuta, fungua bati au kadibodi ya nyuma, utaona ubavuni mwa kompresa kisanduku cha plastiki kilichobanwa kwa waya wa chuma. Kabla ya kuondoa chochote, piga picha kwa simu, ili kila waya ujue kwake. Ukiona silinda ndogo yenye waya mbili, hiyo ni kapasita, nayo huweza kuhifadhi stima hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usiziguse ncha zake. Na ikiwa hujui namna ya kuiondolea stima hiyo salama, muite ajuaye. Kisha ivute relei moja kwa moja, bila ya kuipindapinda, usije ukavunja vioo vilivyozishika pini za kompresa. Itikise karibu na sikio: ikitoa sauti ya vipande vilivyovunjika ndani, imekwisha. Inuse na itazame, kwa kuwa iliyoungua huacha harufu na weusi. Halafu ipime kwa mita ingali baridi. Nzima huonyesha ukinzani mdogo, aghalabu wa ohmu chache hadi makumi machache, na mbovu huonyesha kwamba njia imekatika. Ovalodi nayo, ikiwa baridi, yapasa kupitisha bila ya kizuizi.

Papo hapo, pini tatu za kompresa zikiwa wazi mbele yako, pata ithibati ya uhai wake. Pima kila jozi ya pini, utapata vipimo vitatu, na kilicho kikubwa kuliko vyote lazima kiwe takriban jumla ya vile viwili vingine. Mathalan, ukipata ohmu 12 na ohmu 18, cha tatu kikiwa 30, misokoto yote miwili haikukatika. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye pini na ya pili kwenye chuma cha kompresa palipokwanguliwa rangi: pasipatikane njia yoyote hapo, na ikipatikana, hata kidogo, stima inavuja mwilini na chombo hicho kisichomekwe tena. Kompresa iliyofaulu vipimo hivi yaweza bado kuwa imekwama kwa chuma ndani, hilo sikatai. Lakini hadhi ya mtihani huu ni kwamba unafanyika kabla hujatoa shilingi moja, na ajaye kukuambia kompresa imekufa utaweza kumuuliza amepima nini.

Spea yenyewe huitafuti kwa kueleza kwa mdomo. Chukua relei na ovalodi za zamani, nakili namba zote zilizoandikwa katika kibao cha kompresa, si jina la friza tu, kwa kuwa kampuni moja ya friza hununua kompresa kwa viwanda mbalimbali. Kisha uende nazo dukani. Mkaazi wa Likoni aendaye kwa miguu huvuka kivuko bila ya malipo, hivyo safari ya kisiwani kutafuta spea haimgharimu nauli ya maji. Muuzaji akikuambia kwamba relei yoyote ya nguvu ile ile yafaa, usikubali upesi, maana ukinzani wa kisahani umekadiriwa kwa msokoto wa kompresa yake. Zipo pia zile relei za waya mbili au tatu ziuzwazo kuwa zafaa kwa kila kompresa. Mimi naziona ni za kujaribia, kuthibitisha kwamba kompresa yaweza kuamka, wala si za kuachwa humo miaka. Na spea iliyong'olewa katika friza kuukuu ya jua kali ni halali kuinunua, maadamu imepimwa mbele ya macho yako na namba zake zapatana.

Hapo tena ndipo tuelewe kwa nini stima yetu ya kukatika na kurudi huzivunja relei. Ikikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kisahani kingali moto na kani ya gesi ingali kubwa upande mmoja, kompresa haiwezi kuamka, na ovalodi huanza kukata na kurejesha, kukata na kurejesha, kila mara ikizidisha moto. Dawa yake ni kuchomoa plagi stima ikatikapo na kungoja angalau dakika tano baada ya kurudi, au kununua kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, ambacho hungoja chenyewe na hukata volti zikipanda au kushuka mno. Kwangu mimi hiyo ndiyo fedha iliyotumika vyema kupita zote katika chombo hiki.

Friza iliyo kimya kabisa, ikiwa ukuta na ovalodi ni salama, huelekeza shaka kwenye thamostati. Ondoa waya zake mbili, zungusha kitufe chake hadi upande wa baridi kali, friza ikiwa imekwisha kupata joto la chumbani. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia, thamostati imekufa. Unaponunua nyingine, taja kwamba ni ya friza, kwa kuwa ya friji hukata mapema na samaki wako hawataganda daima. Na unapoitia, ule mkia wake mwembamba wa shaba uingie mahali pale pale na kwa urefu ule ule wa mwanzo, bila ya kukunjwa kwa nguvu, kwa kuwa ndani yake mna gesi inayohisi baridi, na mkia uliovunjika haushoneki.

Mngurumo usiokoma bila ya baridi una sababu nyingi, na ile nyepesi kuliko zote ni mpira wa mlango. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute: kikitoka bila ya kushikwa, pana mwanya, na hewa ya Mombasa, iliyojaa unyevu, huingia hapo usiku na mchana ikigeuka theluji ndani. Mpira uliokakamaa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukalainishwa kwa kitambaa cha maji ya moto, ukarejea umbo lake. Uliopasuka hubadilishwa kwa kupimwa urefu na upana kutoka mfereji hadi mfereji, kwani mwingi umechomekwa tu katika mfereji huo, na mwingine umeshikwa kwa parafujo zilizofichika chini ya ukingo wake. Tazama na bawaba, maana pwani kutu huzilegeza na mlango ukakaa upande. Ikiwa friza ina mabomba nyuma, yafute vumbi. Ikiwa ni ya kulala, ambayo mabomba yake yamefichwa ndani ya kuta, iache ipumue, usiisukume hadi ukutani wala kuizungushia magunia, kwa sababu joto lisipopata pa kutokea, kompresa itazunguka bure.

Zile za kusimama zisizoshika theluji zina hita ndogo, feni na kihisi cha kuyeyushia barafu. Zikiziba kwa theluji nyuma ya ukuta wa ndani, kimoja katika hivyo kimekufa, na vyote hupimwa kwa mita ile ile.

Lakini katika friza ya kawaida theluji huondolewa na mwenyewe, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini: usitumie kisu, wala bisibisi, wala kijiko cha chuma. Bamba la ndani ni jembamba, aghalabu la alumini, na nyuma ya unene wake mdogo mno inapita gesi. Pigo moja la haraka, la mtu anayetaka kubandua mfuko wa nyama, hulitoboa, na sauti ya "sss" isikikapo ndiyo sauti ya tabu ya kweli. Sinia la maji ya moto likiwekwa ndani, mlango ukafungwa kwa robo saa, barafu huachia yenyewe. Ukilitoboa bamba la friza ya R600a, zima moto wote, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote ya karibu.

Gesi ikiwa kweli imetoka, dalili zake zajulikana: kompresa huzunguka vizuri, bamba hushika ubaridi sehemu ndogo tu ya mwanzo, na pengine pana mafuta mahali bomba lilipoungwa. Hapo mwite fundi aliyesomea, na wapo, kwa kuwa Mombasa haikuanza jana kusomesha mafundi: chuo cha MIOME, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 ili vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki wapate elimu ya ufundi, ndicho kilichokua mpaka kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Muulize fundi wako mambo manne, na uyatazame yakifanyika: kwamba ametafuta mahali pa kuvuja na kupaziba, kwa kuwa gesi haiishi kama petroli, na iliyopungua imetoka mahali, kwamba amebadili chujio, kwamba ametoa hewa yote mabombani kwa pampu, wala si kwa kupuliza gesi, na kwamba ametia gesi ya jina lile lile la kibao, kwa kuipima katika mizani. Friza ya R600a huhitaji uangalifu zaidi, kwani upande wake wa ndani hufanya kazi kwa kani iliyo chini ya ile ya hewa, na palipotoboka huvuta ndani hewa na unyevu.

Baada ya kazi kukamilika, usiijaze friza siku ile ile. Iwashe tupu, ipate saa kadhaa mpaka ubaridi utulie, halafu uingize bidhaa kidogo kidogo, samaki wabichi wasirundikwe pamoja juu ya waliokwisha kuganda. Andika katika karatasi tarehe, namba ya spea uliyoitia na bei uliyotoa, uibandike nyuma ya friza, ajaye baada yako asianze gizani. Na stima ikikatika Kisauni au Likoni kwa muda mrefu, usifungue mlango ili kutazama: friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi ubaridi wake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24.